Taimingi ya Marehemu Muslim

Masouda alipanda basi dogo pale Wadi Kabir, Maskati, miguu ikimuwaka moto, akamwomba Mungu walau apate kimya mpaka Amerat. Hakukipata. Kiti cha nyuma yake, mzee mmoja wa kanzu alikuwa ameshamkamata kwa maneno fundi wa Kiganda aliyevaa ovaroli yenye grisi.

"Kila nkipanda mlima huu gari inagonga kama mtu anatwanga kisamvu," mzee alilalamika. "Mpaka nshaiwacha nyumbani."

"Taimingi hiyo, mzee, saa ya cheche kuwaka. Ilitegwa kwa petroli ya zamani, ile yenye risasi. Hii ya sasa inawahi kulipuka. Unalegeza distribyuta, ile inayogawa moto wa plagi, unaizungusha kidogo, cheche inachelewa. Khalas."

"Pale hapagusi mtu. Kaitega marehemu kaka yangu, Muslim, kwa sikio lake, wiki moja kabla hajafa."

Masouda akafumba macho. Akishaingia marehemu, safari haiwi fupi.

"Basi utatoboa pistoni," fundi alisema, kwa sauti ya mtu aliyewaambia wateja neno hilo tangu asubuhi. "Tuchore alama ya rangi kwanza. Ukitaka, nairudisha pale pale."

"Utairudisha wewe. Mkono hauwi wa marehemu."

Basi likasimama, mzee akashuka. Dirishani Masouda akamwona mbele ya nyumba yake akiinua turubai la gari, akaweka kiganja juu ya boneti kama anayepima homa ya mtoto.

Basi likaondoka. Kimya alichokiomba Masouda kikaja, na hakikumfaa kitu.