Watoto wa Saburi Ni Wangapi

Nachingwea, kando ya duka la nguo, palikuwa na taruma la reli, gogo la kulazia vyuma vya garimoshi, lililolazwa juu ya mawe mawili, na juu yake wanaume wanne walikunywa kahawa na kueleza wasiyoyajua. Mwaka ulikuwa wa hamsini na tatu. Shaibu ndiye aliyechemsha kahawa. Yunusi waliyemwita Injini, kwa kuwa aliwahi kutengeneza trekta za mradi wa karanga, hakukubali kushindwa na swali lolote. Kornel, Padri Mdogo, alitumikia misa utotoni na hajapona hadi leo. Wa nne alikuwa Saburi, fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na asubuhi ile hata hayo machache yalikuwa yamemkauka.

Habari ya siku ilikuwa daktari mgeni aliyekuja kuchunguza ubongo wa watoto. Alitafuta waliochelewa kutembea, waliochelewa kusema, wasiomtazama mtu usoni. Aliwapima vichwa kwa utepe, akawapa vipande vya mbao wavipange, akaandika. Mchana ule alikuwa anahamia Ruangwa, na asiyepimwa leo ndiyo basi tena.

Jana yake, dresa, yaani msaidizi wa daktari, Felisian, alibisha kwa Saburi akamwuliza ana watoto wangapi. Saburi akajibu watatu. Wa nne, Mwanaheri, binti wa miaka saba asiyewahi kusema neno, alikuwa chumba cha nyuma na mama yake.

— Ubongo ni injini tu, alisema Yunusi. Mtoto asiyesema ana plagi mbovu. Daktari anaitafuta.

— Ataifikiaje bila kupasua kichwa?

— Polepole, Shaibu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kornel alikataa. Alisema karanga ziliwashinda Wazungu wenye akili, basi sasa wanatafuta wasio na akili wajaribu tena, maana mwenda pole hajikwai. Shaibu akawapita wote wawili: utepe ule, alisema, unanyonya akili na kuipeleka kwenye chupa, na chupa zinasafirishwa Ulaya.

— Kwani huku akili zimezidi? aliuliza Kornel.

Wakacheka. Saburi naye alicheka, na alijiona kama mwizi aliyeketi barazani wizi wake ukijadiliwa.

Felisian akatokea na daftari kwapani. Alipokea kikombe, akasema lori linapakiwa bomani, lakini daktari ana swali moja kwa kila mzazi, hata wa watoto wazima, apate kulinganisha. Mtoto wako alianza kutembea akiwa na umri gani?

Yunusi, baba wa watoto wanane, aliangalia kikombe chake. Kornel alisema hayo wanayajua mama zao. Shaibu alisema wake walitembea wakati ulipofika, na haraka haraka haina baraka.

Hata Saburi hakujua, kwa wale watatu. Walianza kutembea yeye akiwa kwenye cherehani. Lakini kwa Mwanaheri alingoja mwezi kwa mwezi, hadi Ijumaa moja korosho zikiwa zimeanikwa uani, mtoto akainuka na kuja kwake akizikanyaga.

— Miaka minne na miezi miwili, alisema.

Felisian aliinua kalamu.

— Nani huyo?

— Binti yangu.

— Jana uliniambia una watatu, mzee wangu.

— Ninao wanne.

Alisema macho yako chini, aibu imempanda hadi masikioni, akangoja wenzake wamcheke. Hakuna aliyecheka.

— Mwandike Mwanaheri, alisema Yunusi kwa sauti ndogo. Anapenda mlio wa cherehani. Ikinyamaza analia. Tunamsikia.

Kornel aliongeza kwamba mkewe, Letisia, humpelekea uji. Shaibu alisema wote walijua siku zote, ila aibu ya jirani husitiriwa, na miaka saba hakuna aliyemtaja mtoto yule mbele ya baba yake. Hata porojo za asubuhi ile walizikoleza ili Saburi asije akaulizwa kitu. Walieleza haya kwa upole, kama watu wanaotoa zawadi waliyoitunza muda mrefu. Saburi alitamani ardhi immeze.

Felisian alifunua kurasa za nyuma za daftari.

— Jana nilipita kwenu pia, ninyi watatu. Kila mmoja aliniambia mtaa huu hauna mtoto wa namna hiyo. Sawa, mlikuwa mnamsitiri baba. Na mtoto, alikuwa anasitiriwa na nani?

Shaibu alishika birika, akalirudisha mekoni bila kummiminia mtu. Saburi alisimama kwenda kumleta binti yake, na alipowapita, wale watatu hawakuweza kumtazama usoni.