Gegedu Langu Chini ya Hadubini

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Kiti mlichonipa nakiachia mwingine. Nimekaa vya kutosha. Leo acheni nisimame.

Mimi nafundisha watoto Kurani, ghorofa ya tatu, hapa hapa Kariakoo, jengo lisilo na lifti. Goti la kulia lilipoanza kusaga, nikawa nashuka ngazi kinyumenyume. Watoto wakicheka, “Bibi anarivasi!” Nacheka nao, nikifika chumbani nalia. Mwisho sikuweza kupanda kabisa. Darasa likafungwa.

Daktari akasema gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, limelika. Nikatwe, niwekewe goti la bandia. Nikakubali.

Kabla ya upasuaji akaja binti mmoja mtafiti.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba.”

“Naomba vile vipande vitakavyokatwa, nikavitazame kwa hadubini.”

“Mwanangu, nyumbani wameshanunua kitambaa cheupe. Kwetu kinachokatwa mwilini kinazikwa. Wewe nenda kwa wauza makongoro, wana miguu ya ng’ombe tele.”

Akacheka. “Makongoro nimeshakata mengi, bibi. Ng’ombe hapandi ngazi.”

Nikampigia simu shehe wetu. Akasema kusomea maradhi si vibaya, mradi kinachobaki kizikwe kwa heshima. Basi nikampa binti, kwa sharti moja: nami nione.

Ndugu zangu, nawaambia, upasuaji si kitu. Kazi ni mazoezi. Kukunja goti lile ni kama kufungua mlango uliokwama kwa kutu. Nikachoka, nikaacha, nikasema Mungu ameandika nikae. Ndipo binti akapiga simu: “Bibi, sharti lako liko tayari.” Wanangu wakanipeleka.

Nikainamia hadubini. Kipande chembamba kuliko karatasi, kimetiwa rangi nyekundu. Upande uliobaki mzima, chembe hai zimejipanga safu kama waumini msikitini. Upande uliolika ni nyufa tupu, na pembeni ya nyufa chembe zimekusanyika vikundi vikundi.

“Hizi zinafanya nini?”

“Zinajaribu kutengeneza, bibi. Gegedu halina mishipa ya damu, haliponi kirahisi. Lakini zimezaliana hapo, zinajaribu.”

Subhanallah! Miaka yote ile nalia chumbani, ndani ya goti kuna viumbe vya Mola havionekani kwa macho, havina damu, na havijaacha kazi. Mimi mwenye damu nimeacha?

Jioni ile nikakunja goti. Nikapiga kelele, nikakunja tena. Kesho yake hivyo hivyo. Leo napanda mpaka ghorofa ya tatu, na nashuka uso mbele. Watoto wamekosa cha kucheka.

Nawashukuru wanangu walionibeba, daktari, shehe, na binti yule. Nanyi mnaoumwa, msiache mazoezi kwa kuwa hamuoni mabadiliko. Si kila kinachofanya kazi kinaonekana.

Mfupa uliobaki tumeuzika. Vile vipande vyembamba binti alinirudishia. Nikamwambia vikae, wanafunzi wake wavisome. Vikiisha kazi, kitambaa kilichobaki bado ninacho.