Mama Nangila na Daftari la Masikio

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Moreen Nangila anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika Saluni na Darasa la Urembo la Sitawi, hapa Nateete. Mkurugenzi wetu, Bwana Odera, ameniomba mimi, Aoko, niandike ukurasa wa programu ya kumuaga. Alitaka uwe wa kuchangamsha, na nisiiguse ile barua ya onyo iliyomo kwenye faili la Mama. La kuchangamsha nitajitahidi. La barua limenishinda, na nikifika huko mtaona kwa nini. Kwa sasa jueni hili tu: hapa Sitawi mstaafu asiye na onyo hata moja hutundikiwa picha yake ukutani mwa darasa, na leo hakuna aliyeagizwa kuleta misumari.

Mama Nangila alitoka Bungoma mwaka 1998, akaajiriwa kusuka nywele. Haikupita miaka miwili akawa anawapamba maharusi wa Lubaga, na foleni yake ya Jumamosi ilifika hadi kwa fundi viatu wa jirani. Lakini aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Wasichana walikuwa wanakwenda kazini Jumatatu na sura ya harusi. Hapo ndipo alipoanzisha darasa la wanaoanza, wiki sita, na waliopita mikononi mwake sasa ni zaidi ya mia nane.

Wote mia nane mnaweza kuyasema haya mkiwa usingizini. Nawa mikono kabla ya kugusa uso. Osha uso, paka losheni, kisha tulia, ngozi inywe. Rangi ya fondesheni hupimwa kwenye taya, maana hakuna anayevaa uso wake mkononi, na hupimwa mlangoni penye jua kwa sababu taa za saluni zinadanganya. Poda ni ya pua na paji la uso. Mashavu yaacheni na uhai wao. Nyusi huchorwa kwa vijistari vifupi, mkono mwepesi. Maskara haiazimwi, hata kwa dada yako wa tumbo moja. Sponji ioshwe kila ikitumika. Na atakayelala na vipodozi usoni asije kumlilia Mama kuhusu chunusi.

Mtihani wake nao unajulikana soko zima. Mwanafunzi hujipodoa nusu ya uso tu, kisha hutumwa kununua nyanya kwa Abdul-Karim. Akitazamwa mara mbili, amefeli: amezidisha. Mimi, nilipokuwa mwanafunzi wake, nilifeli mara nne. Mara ya tatu Abdul-Karim aliniongeza nyanya mbili za bure kwa huruma, na Mama alicheka mpaka akalazimika kuurekebisha wanja wake.

Jambo moja tu halikuwa la mzaha, nalo ni daftari la masikio. Kitu chochote kipya sharti kipakwe nyuma ya sikio la mwanafunzi, kikae siku nzima, ndipo kiruhusiwe usoni. Mwalimu aliyepima huandika tarehe na kutia sahihi. Tulidhani ni ukali wa bure. Sababu yake tuliijua siku ninayotaka kuisimulia.

Alhamisi, tarehe 10 Machi 2022, nilikuwa na miezi mitano kazini hapa kama mwalimu, bado niko kwenye majaribio. Nilikuwa nimekwisha kumuunguza mteja kichwa kwa dawa ya nywele, na Bwana Odera alikuwa ameniambia wazi kwamba kosa la pili litakuwa la mwisho. Mwanafunzi wangu alikuwa Benedicte, binti wa Bukavu, ambaye kesho yake saa nne asubuhi alikuwa na usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli moja Kisugu. Mara mbili alikuwa ameitwa kwingine na mara mbili akakosa. Asubuhi hiyo ilifika fondesheni mpya, inafanana kabisa na ngozi yake, na aliniomba tuifanyie mazoezi. Nikampaka uso mzima. Kisha nikafungua daftari, nikaandika kwamba nilimpima sikioni Jumatano, nikatia sahihi.

Ijumaa saa moja na nusu Benedicte aliingia amejifunika leso. Akaitoa. Mashavu yalikuwa yamefura na kujaa vipele, na jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuziba. Mama Nangila alichukua daftari, akatafuta jina, akasoma. Chupa ile aliifungua yeye mwenyewe Alhamisi asubuhi, mbele ya darasa zima. Alijua kwamba Jumatano hakuna mtu angeweza kuipima. Aliniangalia. Akalifunga daftari, akalibana kwapani, akaagiza maji baridi na kitambaa safi.

Saa mbili ikafika, ikapita. Vipele havikushuka. Kwa ujinga wa woga nikapendekeza tuvifunike kwa poda kidogo, na Benedicte akalidaka neno langu, akamshika Mama mkono.

"Mama, nitaenda namna gani na hii sura? Batanifukuza ku mulango."

"Hatupaki kitu," Mama akasema. "Tukifunika itafura zaidi, na saa nne utakuwa huoni unayeongea naye."

Benedicte akalia, akasema basi haendi. Hapo Mama Nangila akaketi mbele ya kioo, akachukua pamba na mafuta, akaanza kuufuta uso wake mwenyewe. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona mtupu. Chini ya ile kazi yake nzuri kulikuwa na mabaka meusi, mashavu yote mawili, kutoka sikio hadi pua. Alituambia kwa kifupi kwamba alikuwa na miaka kumi na tisa, krimu ya kung'arisha ngozi ikamuunguza, na hakuna aliyemwambia ajaribu nyuma ya sikio kwanza. Kisha akamwambia Benedicte avae viatu, wanakwenda pamoja, hivyo hivyo walivyo.

Nilisimama mlangoni nikiwaangalia wakikatiza soko. Kila mtu aligeuka. Abdul-Karim aliacha kupanga nyanya, akamwita Mama kwa heshima.

"Nyabo, leo uko mgonjwa?"

Mama alimjibu kwamba ni mzima, na kwamba huo ndio uso wake. Wakapitia duka la dawa, Benedicte akapewa kidonge cha kutuliza vipele, wakapanda bodaboda mbili kwenda Kisugu. Mimi nilibaki nikifagia sehemu ile ile ya sakafu mpaka saa sita.

Benedicte aliulizwa kwenye usaili uso una nini, akaeleza ukweli. Wiki iliyofuata aliitwa kazini, na yuko hapo mapokezi hadi leo. Lakini Jumatatu, kabla ya habari hizo njema, mjomba wake alikuja kwa Bwana Odera na picha kwenye simu. Bwana Odera akauliza nani alimpima msichana huyu, na daftari liko wapi. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, mikono imejaa povu la shampuu. Mama Nangila hakulifungua.

"Daftari liko chini yangu," akasema. "Andika jina langu."

Akaandikiwa onyo. Akavuliwa ukuu wa mafunzo, na miezi minne baadaye cheo hicho nikapewa mimi kwa sababu, eti, niko makini na kumbukumbu. Mama alinipongeza kwa mkono. Swali lake kwangu lilikuwa moja tu, tena jioni ya ile Jumatatu: kama kuanzia sasa nitapima. Nikasema nitapima. Hakunitaka ninyamaze. Nilinyamaza mwenyewe, miaka mitatu na miezi minane, na kila nilipomwona akiniomba ruhusa ya kutoka mapema, yeye aombe kwangu, nilitamani ardhi inimeze.

Bwana Odera, ukurasa huu nimeupeleka kwa mchapaji bila kukuonyesha, na kwa hilo pia naomba radhi. Benedicte yumo ukumbini. Muulize ni nani aliyempaka. Daftari lipo kabatini. Soma tarehe, kisha linganisha na hati ya kupokea mzigo wa fondesheni ile. Barua ile itolewe kwenye faili la Mama iwekwe kwenye langu, leo, kabla keki haijakatwa. Funguo za ofisi ya mafunzo nimeziacha mezani kwako. Ukinihitaji, nitakuwa pale nyuma kwenye sinki.

Mama Nangila, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako, na kwa asubuhi ile. Pumzika Bungoma, ulime, uwapodoe wajukuu wakikubali. Miaka hii yote nililiacha jina lako libebe kosa langu. Leo nakurudishia likiwa safi. Nenda nalo nyumbani.