Wadominika na Wakorea Waliocheza Upatu Mmoja

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kamishna wa Biashara Ndogo, Bi. Rosalind Tierney; wachungaji na mapadri mlioketi safu ya mbele; majirani mliofunga maduka asubuhi hii ili muwe nasi; mabibi na mabwana:

KARIBU KWETU

Sisi wenye maduka, wapishi, vinyozi, mafundi cherehani na wauza mboga wa upande huu wa Barabara ya Mtakatifu Nikolasi, Washington Heights, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumeambiwa kwamba lifti ya stesheni iligoma na ukapanda ngazi kwa miguu. Pole sana. Sasa umekuwa mwenyeji, maana hakuna mkazi wa hapa ambaye ngazi zile hazijamtoa jasho.

Risala hii imeandikwa na kamati ya watu wasio na lugha moja ya kugombana kwayo, na bado tuligombana. Wenzetu Wakorea walitaka iwe fupi. Wenzetu Wadominika walitaka iwe na kila jambo. Utakayoyasikia ni yale ambayo pande zote mbili zilikubali kuyatia sahihi.

TULIVYOFIKA HAPA

Mgeni rasmi, mwaka juzi watafiti walikuja kutulinganisha. Taarifa yao ilisomwa katika ukumbi wa kanisa, na takwimu zake hatuzikatai. Mkorea wa mtaa huu kwa kawaida ana duka lake. Mdominika kwa kawaida ameajiriwa, na mara nyingi kazi yenyewe imekwisha. Mtoto wa Mkorea anamaliza chuo. Mtoto wa Mdominika anaacha shule ili asaidie kulipa pango. Yote hayo ni kweli. Kilichotuuma ni neno la mwisho, kwamba mmoja ana moyo wa kujituma na mwenzake hana. Siku ile tulitoka ukumbini kwa milango miwili tofauti, na kwa muda mrefu hatukuangaliana usoni.

Kwa hiyo tumeona tusikujibu kwa takwimu nyingine. Tutakusimulia habari za mtu mmoja tunayemjua sote, Doña Zunilda Ogando, aliyeketi pale karibu na jiko.

Zunilda alitoka Baní akiwa msichana. Alishona kola za mashati katika kiwanda cha huku mjini hadi vidole vikajua kazi kuliko macho. Kisha kiwanda kikafungwa, na cherehani zikapakiwa melini. Zilikwenda wapi? Zilikwenda kwao, Jamhuri ya Dominika, ambako mshahara ni mdogo zaidi. Dada yake ndiye aliyeajiriwa kuzishonea. Zunilda alicheka aliposikia, halafu akakaa kitako juu ya ndoo mpaka jioni. Baadaye alifungua kimkahawa cha ndizi za kupondwa na mchuzi mzito wa nyama na magimbi, huku nusu ya pato lake ikivuka bahari kila mwezi kulea watu wa nyumbani.

Duka lililopakana naye lilikuwa la mboga na matunda, la Bi. Pyo Kyung-hee. Huyu alikuwa mfamasia kule kwao Daegu. Alikuja na cheti ambacho hakuna mtu hapa aliyetaka kukisoma, na akiba ya nyumba waliyoiuza yeye na mumewe. Mumewe alikwenda soko la jumla Bronx kabla ya mapambazuko, na yeye akasimama dukani hadi miguu ikavimba. Kihispania alijifunza cha dukani tu, cha bei, chenji na makaripio.

"Usibonyeze parachichi!"

"Nisipobonyeza nitajuaje kama limeiva?"

"Nitakwambia mimi."

"Wewe unauza, mama. Wewe kwako yote yameiva!"

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao kwa miaka. Kati yao palikuwa na ukuta. Bi. Pyo aliugonga kwa ufagio redio ya Zunilda ilipopanda sauti, na Zunilda akajibu kwa mwiko.

MOTO

Moto ulizuka Jumapili mchana, mwezi wa Februari, kwenye waya mkongwe wa darini. Hivyo ndivyo zimamoto walivyoandika. Zunilda alikuja mbio kwa kandambili juu ya theluji. Bi. Pyo alikuja kutoka kanisani na gauni lake la ibada. Walisimama ukingo mmoja wa barabara, mabega yakikaribia kugusana, wakitazama maduka mawili yakigeuka moshi wa aina moja. Waliokuwapo wanasema hawajapata kuona jambo kama lile. Sufuria za mmoja zilikuwa zikipasuka na machungwa ya mwingine yakinukia.

Kisha tofauti ile ya takwimu ikajitokeza mbele ya macho yetu. Kabla theluji haijayeyuka, mafundi walikuwa wameshaingia kwa Bi. Pyo na mbao mpya. Kwa Zunilda palipigiliwa ubao mlangoni, basi. Alikwenda benki akaulizwa ana dhamana gani. Akasema, "Mikono." Yule kijana wa benki aliona haya, lakini fomu yake haikuwa na mahali pa kuandika mikono.

Hapo maneno yakaanza. Kinyozi wetu, Fermín Tavárez, alisimama katikati ya njia akapaza sauti.

"Jamani, nyie hamna macho? Mwenye bima ni nani? Anayejenga ni nani? Huyu mama kachoma mwenyewe!"

"Nyamaza Fermín, huna ushahidi," mtu akamwambia.

"Ushahidi si ule pale, mbao mpya!"

Watu wakajaa mbele ya duka la Bi. Pyo. Mmoja akatema mate mlangoni. Mwingine alikuwa tayari ameokota kipande cha tofali.

Zunilda alikuwa ng'ambo ya barabara. Ametuomba tuseme hapa, bila kumpamba, kwamba moyo wake ulitamani maneno ya Fermín yawe kweli. Kama jirani alikuwa mwizi, basi yeye hakuwa mshindwa, alikuwa ameibiwa tu. Alivuka barabara akiwa hajui atafanya nini. Akapita katikati ya watu, akaingia ndani na kufunga mlango nyuma yake.

Bi. Pyo alikuwa amesimama kati ya mbao, mkononi ana nyundo ya fundi.

"Nakuuliza mara moja tu," Zunilda akasema. "Ulichoma?"

Bi. Pyo hakukasirika. Alimshika mkono akampeleka chumba cha nyuma, ambako mafundi walikuwa hawajagusa. Sakafu ilikuwa majivu matupu.

"Hapa palikuwa na picha ya mama yangu," akasema. "Ilikuwa ndiyo hiyo moja tu. Aliyebaki kumkumbuka sura ni mimi, na mimi nimeanza kusahau. Mtu anachoma mama yake?"

Zunilda alitoka nje. Aliwatazama wale watu, wengi wao wateja wake, baadhi amewalea watoto wao.

"Tofali hilo liweke chini, mwanangu. Mimi ndiye niliyeunguliwa, na mimi nasema si yeye. Nani anataka kubishana nami?"

Hakuna aliyetaka. Fermín alisema ana mteja anamsubiri.

UPATU

Mgeni rasmi, hapa ndipo sisi wenyewe hutikisa vichwa kwa mshangao kila tunapokumbuka.

Siku chache baadaye Zunilda alimpelekea Bi. Pyo chungu cha mchuzi. Wakala wamekaa juu ya makreti. Zunilda akauliza lile lililokuwa likimkereketa.

"Niambie ukweli, jirani. Bima haijakulipa bado, nimesikia. Hela ya mbao umeitoa wapi?"

Bi. Pyo akaeleza polepole, kwa Kihispania chake cha dukani. Wako watu wanaokutana kila mwezi. Kila mmoja anatoa fungu lake, na mmoja anachukua zote. Mwezi unaofuata anachukua mwingine. Hakuna karatasi wala polisi. Ukila hela za wenzako, huna sura tena ya kuonekana nayo.

Zunilda aliweka kijiko chini. Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta uliobaki.

"Mbona hiyo ni san! Hiyo bibi yangu aliicheza Baní! Mkahawa wangu huu nimeufungua kwa san!"

"Kye," Bi. Pyo akasema.

"San."

"Kye!"

Wakorea huuita kye, Wadominika huuita san, na kwingineko duniani watu wengine wanaujua kwa jina la upatu. Bahari mbili kati yao, na hakuna aliyemfundisha mwenzake. Ilikuwaje? Tumeshawauliza wasomi wa pande zote, na hakuna aliyetujibu. Tumebaki kustaajabu tu. Tofauti ilikuwa moja. Katika kye ya Bi. Pyo kila mchezaji alikuwa na duka. Katika san ya Zunilda kila mchezaji alikuwa ameshona katika viwanda vilivyofungwa. Uaminifu ulikuwa uleule, lakini fungu la kye lilijenga duka na fungu la san lilinunua jiko.

Bi. Pyo alimalizia mchuzi wake. Kisha akasema, "Alhamisi vaa gauni zuri. Tunakwenda kula."

Mlo wenyewe ulikuwa Queens, nyumbani kwa Bibi Cheon, kijumbe anayekusanya mafungu ya kye, mama wa miaka mingi na maneno machache. Hakuna mtu asiye Mkorea aliyewahi kuketi pale. Zunilda hakuelewa lugha. Alielewa nyuso.

Bibi Cheon aliuliza kitu kifupi. Baadaye Zunilda alielezwa maana yake.

"Akikimbia?"

Na Bi. Pyo alijibu, "Nitalipa mimi. Duka langu liko nyuma yake."

Mezani palizuka zogo. Mzee mmoja alisukuma bakuli lake mbali. Ndipo Bi. Pyo akasimama, akasogea hadi katikati ya chumba, akapiga magoti na kuinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mwanamke yule ambaye kwa miaka Zunilda alimwona akigombania parachichi alikuwa ameinama mbele ya wote kwa ajili yake. Zunilda anasema alijikuta naye amepiga magoti, ingawa hakujua ndivyo ifanywavyo au sivyo.

Bibi Cheon aliwaashiria wainuke.

"Baada ya vita, kule Busan, mtu alinisimamia," akasema. "Hatukujuana. Zamu ya kwanza safari hii ilikuwa yangu. Mpeni yeye."

TULIYOYAPATA

Mafundi walipofika kuinua upya ukuta wa katikati, waliwakuta wanawake hao wamesimama mahali ulipoungulia. Jua liliingia kwa dirisha la huyu likatokea kwa mlango wa yule. Hatukuwa tumewahi kujua kwamba nyumba ile ilikuwa kubwa hivyo.

"Tuuache?" Bi. Pyo akauliza.

"Tuuache. Lakini parachichi nitabonyeza."

"Na redio utapunguza."

"Hilo tutazungumza."

Leo, mgeni rasmi, umeketi ndani ya nyumba hiyo. Mihogo inatoka upande wa mboga na kuingia jikoni bila kuvuka mlango. Wafanyakazi wameongezeka, Wadominika na Wakorea, na mmoja ni binti wa Fermín. Zunilda hajakosa fungu lake hata mwezi mmoja.

Tusijisifu kupita kiasi. Pengo lile la taarifa bado lipo. Ukishuka mtaa wa pili utawakuta akina mama wengi wenye mikono kama ya Zunilda ambao hawakuwa na Bi. Pyo pembeni yao. Na usidhani Wakorea miongoni mwetu wametajirika. Watoto wao wamekuwa madaktari wa kuwatibu wazazi migongo iliyovunjwa na makreti.

YANAYOTUKWAZA

Mkaguzi alipita mwezi uliopita. Alikuwa mtu mstaarabu na alikula sahani mbili. Lakini sheria aliyoileta inasema mikataba miwili ya pango ni maduka mawili, na maduka mawili lazima yatengwe kwa ukuta. Tumepewa hadi mwanzo wa majira ya joto. Mwenye nyumba yuko tayari kuandika mkataba mmoja, lakini anasema hawezi bila kibali cha jiji. Na benki bado inatuuliza dhamana.

MAOMBI YETU

Tunakuomba, kwanza, utusemee kibali hicho. Waya zote ni mpya na mabomba ya kuzimia moto yamefungwa darini. Mafundi wako wanakaribishwa kuyakagua.

Pili, mfuko wa mikopo wa ofisi yako umtambue mtu aliyecheza upatu kwa uaminifu miaka nenda miaka rudi kuwa ni mtu wa kukopesheka.

Tatu, watafiti wakija tena, waje. Chakula kipo. Tunaomba tu watuulize pamoja, tukiwa meza moja.

Risala ilikuwa iishie hapo, lakini Jumanne kamati iliifungua tena. Eufrosina, mama auzaye maua pale kona, Mmeksiko wa Puebla aliyefika juzi tu, alitaka kibanda. Zunilda alimpeleka Queens. Bibi Cheon aliuliza swali lake lilelile, na chumba kizima kikamgeukia Bi. Pyo. Bi. Pyo hakuinuka. Aliyeinuka ni Zunilda. Hajui Kikorea, lakini kumbe alikuwa amejifunza sentensi moja kwa siri. Aliisema vibaya, kwa lafudhi ya Baní, na kila mtu akaielewa:

"Nitalipa mimi."

Mungu akulinde, mgeni rasmi, wewe na nyumba yako na kazi ya mikono yako. Akurudishe salama, na lifti ipone.

Ni sisi, wenye maduka, wafanyakazi na majirani wa Barabara ya Mtakatifu Nikolasi, Wadominika, Wakorea na muuza maua mmoja.