Hetty Wadham na Mlango wa Kaka Yake

Ndugu waombolezaji, historia hii ilipaswa kusomwa mbele ya jeneza, lakini marehemu alizikwa haraka bila kengele kupigwa, kama wanavyozikwa hapa wote wanaokufa kwa ndui, ndiyo maana tunaisoma leo, tarehe 14 Desemba 1768, wiki tano baadaye.

Marehemu Mehitabel Wadham, ambaye nyumbani tulimwita Hetty, alizaliwa tarehe 3 Februari 1733 hapa Kingsfold, Connecticut, akiwa mtoto wa pili wa mzee Josiah Tuttle, akasoma kwa bibi mwalimu hadi mwaka 1744, na tarehe 12 Mei 1755 akafunga ndoa na Daktari Eleazar Wadham, wakajaliwa binti mmoja, Lovisa, mwenye miaka minne. Sifa zote tulimpa daktari, ila dawa alizitwanga Hetty, vidonge aliviviringisha Hetty, na wagonjwa waliolazwa kwao aliwalisha na kuwageuza Hetty. Mwaka 1761 watoto watatu wa kaka yake Asahel walipougua koo, aliwauguza wiki mbili, wakapona wote.

Tarehe 30 Oktoba mwaka huu, daktari akiwa ameenda mji wa mbali kutibu, Hetty alishikwa na ndui, na Asahel, mjumbe wa baraza la mji, ndiye aliyetundika kitambaa chekundu cha onyo mlangoni pake. Kesho yake mchana Hetty alijikokota hadi uani kwa Asahel, mtoto akiwa ametangulia mbali mbele yake, akaita, "Kaka, mimi siingii! Mpokee Lovisa tu, bado mzima!" Asahel akajibu kupitia dirisha, "Rudi kwako, Hetty, usituletee balaa!"

Aliyempokea mtoto ni mjane Bethiah Lum, mfua nguo, ambaye sisi akina Tuttle hatukuwahi kumkaribisha mezani. Hetty alifariki tarehe 9 Novemba, na Bethiah, aliyekwisha kuugua ndui zamani, ndiye aliyemwosha.

Tunamshukuru Bethiah, tunawashukuru wanaume wawili waliobeba jeneza, na tunampa pole daktari, aliyerudi akakuta kaburi. Sisi familia hatuna cha kushukuriwa.

Jamani, Asahel ni mimi. Naona aibu hata kusimama hapa. Asubuhi hii nilimnyooshea Lovisa mkono, akauficha wake mgongoni, akaniambia, "Mjomba, mimi siumwi."

Hetty, mdogo wangu, nisamehe. Pumzika kwa amani, hata kama mimi sitaipata.