Rangi Iliyobaki Chini ya Kopo

Ndugu zangu, wazee na kina mama, asanteni kwa kunipa nafasi nisimame nitoe ushuhuda katika ibada yetu hii ya siri, ingawa sebule hii imejaa hivi kwamba anayesimama lazima amkanyage mtu. Mama uliyeketi hapa chini, niwie radhi, ulikuwa mguu wako. Nitasema kwa sauti ndogo, na dirisha libaki limefungwa hivyo hivyo. Majina ya watu sitayataja, na mnajua kwa nini.

Wengi mnanijua kama kijana wa kucheka. Nacheka kweli. Lakini mwaka jana kicheko kiliniishia. Baba yetu alikuwa polisi, mpole, mtu wa kaskazini, na mnajua serikali hii inavyowawinda watu wa kaskazini. Asubuhi moja alipiga pasi sare yake, akaenda kazini, hakurudi. Mama alikwenda kituoni kuuliza. Mtu ambaye amekula kwetu mara nyingi akamwambia taratibu, "Dada, rudi nyumbani. Usiulize tena." Haukupita muda tukaambiwa tuiache nyumba ya serikali. Tukahamia mtaa wa Kamwokya, mama, dada yangu mdogo na mimi, chumba kimoja.

Shule niliachia darasa la saba, lakini mkono wangu unajua herufi. Baba ndiye aliyenifundisha, kwa makaa, nyuma ya nyumba. Na katika vitu tulivyohama navyo kulikuwa na kopo la rangi nyeupe alilolinunua zamani, rangi ilipokuwa bado inapatikana, akitaka kupaka madirisha. Nikaona hilo kopo ndilo duka letu. Nitaandika vibao vya maduka, milango ya malori, kadi za harusi, nitachora mapazia ya maua, picha za maharusi wenyewe. Nikamwambia mama kwamba mwaka haujaisha tutakuwa Bukoto, kwenye fleti. Mama akaendelea kuchambua maharage.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mchoraji lazima awe na kibao chake, sivyo? Nikatafuta ubao, nikaupaka masizi uwe mweusi, nikaanza kuandika kazi zangu kwa rangi ile nyeupe. Kila kazi mpya iliyonijia kichwani niliiongeza. Herufi kubwa, nene, zenye mapambo. Nilipomaliza, kopo lilikuwa jepesi mkononi. Rangi yote iko pale ukutani, inanitangaza mimi.

Hakuja mtu. Maduka yenyewe hayakuwa na sukari wala sabuni, nani aandikishe kibao cha rafu tupu? Mzee mmoja alisimama akasoma mpaka chini, akaniuliza kama niko peke yangu au tuko kiwanda kizima. Kisha akaja mwingine, mmoja wa wale wapelelezi wa serikali wenye miwani myeusi. Huyo hakucheka. Aliuliza nani amenipa ruhusa, na baba yangu yuko wapi. Nikasema amesafiri. Kibao nilikitoa siku ile ile, na rangi nyingine ya magendo sikuthubutu hata kuiulizia.

Nikalala. Ndugu zangu, nawaambia, kuna kulala kwa usingizi, na kuna kulala kwa kukataa kuamka. Mama akawa anafulia watu nguo, nami mwanamume mzima nimeelekea ukutani.

Aliyenitoa pale ni mama jirani yetu, Mkongo, anauza samaki wakavu sokoni. Aliingia bila hodi, akaniuliza nilikuwa nataka kufanya kazi gani. Nikaanza kumtajia zote. Akainua mkono ninyamaze. Akachukua kijiti, akakwangua chini ya kopo, akanionyesha rangi kidogo iliyoganda pale.

"Mtoto wangu, mimi nilitoka Kongo na kikapu kimoja kichwani. Ningebeba nyumba yote, ningefia njiani. Sema kitu kimoja, cha kumaliza na rangi hii, kabla shule hazijafunguliwa."

Kitu kimoja. Nikatazama chumbani, nikaona sanduku la bati la dada yangu. Watu wa misheni walikuwa wamempatia nafasi shule ya bweni, na ninyi mnajua, sanduku lisilo na jina bwenini huota miguu. Nikasema, majina. Majina ya watoto kwenye masanduku, mpaka shule zifunguliwe. Basi.

Nikailainisha rangi kwa mafuta ya taa, nikaanza na lake. Hapo ndipo palipouma. Dada alitaka jina lake na la baba, kama watoto wote. Mama akakataa.

"Jina hilo likisomwa njiani, watatufuata."

"Na baba akirudi," dada akasema, "atalijuaje sanduku langu?"

Mama akatoka nje. Tukamsikia anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Nilikaa na brashi mpaka ikaanza kukauka. Kisha nikaandika nje jina la ubatizo la dada, kubwa. Nikafungua kifuniko, na kwa ndani nikaandika jina la baba, dogo, herufi zimesimama wima kama alivyonifundisha. Mama aliporudi akalisoma.

"Ngoja likauke," akasema, "ndipo ufunge."

Sanduku lilipokaa barazani, mama mmoja wa mtaa wa Kisugu aliyekuwa akipita akauliza nani ameliandika. Akaleta la mwanawe. Wakaja wengine. Rangi ilitosha mpaka mkesha wa kufungua shule, na kila sanduku lililoletwa lilipata jina.

Sisemi tumeokoka na shida. Baba hajarudi. Mama bado anaamka akisikia gari linapunguza mwendo. Na mimi, kwa kweli, sioni mbele. Lakini namshukuru Mungu, na yule mama aliyeniletea nusu kopo kutoka mpakani, chini ya samaki, ndiyo maana masanduku ya muhula huu yananuka kidogo. Nawashukuru ninyi mliotupa unga na chumvi bila kuuliza. Na kijana mwenzangu unayeanza kazi ya mikono, usituambie kumi. Tuambie moja, na siku utakayoimaliza. Yangu ni masanduku tena, hayo tu.

Siku hizi mama yeyote akileta sanduku la mwanawe, hutaja jina la mtoto, naliandika nje. Kisha hufungua kifuniko mwenyewe, akanionyesha mahali, akaninong'oneza jina la pili. Naliandika, dogo. Hatuulizani. Namwambia tu, ngoja likauke, ndipo ufunge.