Rosalie M'Mugaruka na Wagonjwa Thelathini na Mmoja

Jumamosi tarehe 16 Novemba 2002, saa kumi alasiri, Rosalie M'Mugaruka alikuwa barazani kwake huko Nguba, mjini Bukavu, akichagua maharagwe, akamwuliza mume wake, Théodore, kama umeme umerudi, akaambiwa bado, akaendelea na maharagwe yake. Kesho yake hakuweza kuamka kitandani.

Marehemu alizaliwa Lwiro tarehe 3 Mei 1957, binti wa Stanislas Mugaruka, mtunza bustani wa kituo cha utafiti, akasoma shule ya msingi hapo hapo na sekondari mjini Bukavu, akapata diploma ya uuguzi mwaka 1979. Tarehe 11 Julai 1981 alifunga ndoa na Théodore Cirhuza, mwalimu wa takwimu chuoni, na Mungu akawajalia watoto watatu, Aganze, Lydie na Sagesse. Oktoba 1996, vita vilipoingia mjini, familia ilikimbia kwa miguu, na waliporudi Januari alikuta wodi yake haina hata godoro moja, akaanza upya.

Machi 2001 mradi mmoja wa misaada uliletea kituo chake cha afya huko Ibanda kompyuta, ili wakimbizi wa vita wenye maumivu ya mgongo na nyonga waseme wenyewe kama dawa inawasaidia, bila kupitia mdomo wa muuguzi. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, Rosalie alirekodi maswali kwa sauti yake, nao wakasikiliza na kubonyeza kitufe cha kijani kwa vizuri, chekundu kwa vibaya. Swali la kwanza liliuliza, "Maman, leo uko namna gani?" Kwa miezi sita wagonjwa wote hamsini na wawili walibonyeza kijani, ofisi ya mradi ikaandika kwamba wamepona, dawa ikakatwa.

Rosalie hakuamini, kwa sababu Maman Adèle, mkulima aliyekimbia vita Shabunda, alikuwa bado analetwa akiwa amebebwa mgongoni. Alipomwuliza kwa nini anabonyeza kijani, Adèle alicheka, "Weye maman! Unanisalimia muzuri vile mu masikio, njo nikuambie niko mubaya? Sina adabu?" Foleni nzima ilicheka, na Rosalie pia, lakini siku ile ile alilifuta swali hilo na kurekodi mengine: jana ulijichotea maji, usiku maumivu yalikuamsha, uliinama kulima? Mara hii thelathini na mmoja walionekana hawajapona.

Alipeleka matokeo hayo ofisini mara nne, yakiwa yamehakikiwa na mume wake, na mara nne alijibiwa kwamba maswali hayabadilishwi katikati ya kazi, na kwamba ripoti imekwisha kutumwa.

Ni lazima isemwe pia kwamba katika wiki yake ya mwisho, mume wake, aliyeijua kazi hiyo yote, alimwuliza kila asubuhi yuko namna gani, naye akajibu, "Ça va, papa," yaani yuko vizuri, na mume wake akaridhika, hakumwuliza hata kama amekula. Homa ya matumbo ilikuwa imekwisha kutoboa utumbo. Alipasuliwa Jumapili, akafariki Jumanne tarehe 19, saa tano asubuhi.

Familia inamshukuru Daktari Isidore wa kituo chake, aliyekesha naye, wauguzi wenzake waliotoa damu, na majirani wa Nguba waliopika tangu siku ya kwanza. Ofisi ya mradi imetuma shada la maua, na familia imelipokea.

Jana asubuhi, waombolezaji wakiwa wanaanza kufika, Théodore aliondoka matangani, jambo ambalo wazee hawakulipenda na ambalo anaomba radhi kwalo, akaenda kituoni na majina yale thelathini na moja, akamsihi Daktari Isidore awatibu bila kungoja ruhusa ya mradi. Daktari alifungua kabati la kituo, na dawa iliyokuwamo ikawatosha watu tisa.

Rosalie, pumzika kwa amani. Wamebaki ishirini na wawili.